Barua ya wazi kwa mawaziri wenye dhamana ya anga: vyuma vinavyoanguka bila kuongozwa juu ya ikweta

Kwa: Waheshimiwa Mawaziri wenye dhamana ya masuala ya anga, nchi za Jumuiya ya Afrika Mashariki

Nakala: Wajumbe wetu katika Kamati ya Umoja wa Mataifa ya Matumizi ya Amani ya Anga za Juu, Vienna

YAH: SETILAITI NA VIPANDE VYA ROKETI VINAVYOREJEA DUNIANI BILA KUONGOZWA

Waheshimiwa,

Tunawasalimu kwa heshima. Tunaandika hadharani kwa kuwa njia ya faragha imegonga mwamba: barua zetu zilipokelewa, zikagongwa muhuri, na tangu hapo kimya. Sisi ni wahandisi na wafuatiliaji wa mizunguko ya vyombo vya anga. Hatumtafuti mtu wa kumlaumu. Tunatafuta mtu wa kuamua.

Tarehe 30 Desemba 2024, majira ya saa tisa alasiri, pete ya chuma yenye kipenyo cha mita 2.5 hivi na uzito wa takriban kilo 500 ilianguka katika kijiji cha Mukuku, kaunti ya Makueni, nchini Kenya. Shirika la Anga la Kenya liliichukua na kueleza kwamba, kwa uchunguzi wa awali, ni pete ya kutenganisha sehemu za roketi. Lilieleza pia kwamba vitu vya aina hiyo kwa kawaida huundwa viungue vinaporejea au viangukie baharini, na kwamba tukio lile lilikuwa la pekee. Shirika lilifika haraka, likalinda eneo, likatoa taarifa. Kwa hilo linastahili pongezi. Ila kwenye hayo maneno "la pekee" ndipo tunapotofautiana. Tukio hukosa kuwa la pekee pale mazingira yaliyolileta yanapokuwa bado juu yetu, na haya yapo. Malalamiko yetu ni sita.

1. Ikweta inabeba mzigo ambao haikuuomba.

Setilaiti haipiti popote ipendapo. Kila mzunguko una mwinamo, yaani pembe kati ya njia ya chombo na ikweta, na mwinamo huo ndio unaoweka mpaka. Chombo chenye mwinamo wa nyuzi 51 hakiwezi kuanguka kaskazini wala kusini zaidi ya nyuzi 51. Moscow, iliyo kwenye nyuzi 55 kaskazini, inaweza kulala usingizi. Sisi hatuwezi, kwa sababu kila kitu kinachoizunguka dunia, kiwe na mwinamo wowote, huvuka ikweta mara mbili katika kila mzunguko.

Tuseme kweli yote, hata ile isiyotusaidia. Setilaiti zinazopita ncha hadi ncha, ambazo ni nyingi miongoni mwa zile za kupiga picha za ardhi, hutumia sehemu kubwa ya muda wake mbali na sisi. Kwa hizo, kilomita moja ya mraba ya ikweta hupata kama 0.64 ya wastani wa dunia. Hesabu hugeuka mwinamo unaposhuka. Kwenye nyuzi 6, mwinamo wa kawaida wa mizigo iliyorushwa na Ariane 5 kutoka Kourou, Guyana ya Ufaransa, kwenda kwenye njia ya setilaiti za mawasiliano, kilomita hiyo hiyo ya mraba hupata takriban mara 6 ya wastani. Kwenye nyuzi 4 ni mara 9. Ukanda wa nyuzi 6 kaskazini na kusini ni kama asilimia 10 tu ya uso wa dunia, nao una Nairobi, Kampala, Kigali, Bujumbura, Mwanza, Arusha, Tanga, Mombasa, Goma na Kisangani. Dar es Salaam, kwenye nyuzi 6.8 kusini, imepona chupuchupu.

Kuna jambo jingine ambalo ramani za kawaida hazilionyeshi. Chombo cha ncha hadi ncha kikikaribia kuanguka, hupita juu ya Afrika Mashariki mara chache tu kwa siku. Chombo chenye mwinamo wa nyuzi 4 hupita juu yetu kila baada ya dakika 95 hivi, usiku na mchana, mara 15 kwa siku. Hakuna mzunguko unaotukosa.

Vipande vinavyobaki kutoka safari za setilaiti za mawasiliano vina hila yake. Hukaa kwenye njia iliyorefuka kama yai: ncha ya chini kilomita 250 hivi kutoka ardhini, ncha ya juu karibu kilomita 36,000. Mvuto wa mwezi na jua huipandisha na kuishusha ile ncha ya chini mwaka baada ya mwaka, mpaka inapogusa hewa nzito. Kipande kilichosahauliwa kwa miaka 15 kinaweza kurejea wiki ijayo, na kwenye ncha ya chini kitakuwa kinakwenda karibu kilomita 10 kwa sekunde. Aliyekirusha huenda ameshastaafu.

Na hili si geni kwetu. Setilaiti BeppoSAX ya Italia na Uholanzi, iliyokuwa na uzito wa kilo 1,400 hivi na mwinamo wa nyuzi 4, iliwasiliana na dunia kupitia antena za Malindi. Ilirejea bila kuongozwa tarehe 29 Aprili 2003 na kuangukia bahari ya Pasifiki. Kabla ya hapo Italia ilizitahadharisha nchi zilizokuwa chini ya njia yake. Kama iliwezekana mwaka 2003, kwa nini leo tusubiri mwanakijiji ndiye apige simu?

2. Tahadhari zinakuja kwa lugha isiyotumika.

Wafuatiliaji wana kanuni ya kazi: kosa la makadirio ni kama asilimia 20 ya muda uliobaki. Zikibaki siku 5, kosa ni siku nzima mbele au nyuma. Zikibaki saa 5, kosa ni saa moja. Saa moja kwa kasi ya kilomita 7.8 kwa sekunde ni kilomita 28,000, ilhali Kenya yote, toka Busia hadi Lamu, hupitwa kwa chini ya dakika mbili.

Kosa hili halitokani na uvivu wa mtu. Jua linapochafuka, hewa ya juu hupata joto na kutanuka, chombo hukutana na ukinzani mkubwa kuliko ilivyotarajiwa, na hesabu ya jana inakuwa takataka. Chombo kilichokufa pia hugeukageuka: kikilaza ubavu huburutwa zaidi, kikielekeza pua huburutwa kidogo. Hakuna rada inayokiona muda wote.

Kwa hiyo swali la "kitaanguka wapi?" halina jibu, na ofisi zinazolisubiri zitasubiri mpaka kianguke. Swali lenye jibu ni "kitapita juu yetu mara ngapi ndani ya dirisha hili la muda, saa ngapi, kwa njia ipi?" Zikibaki saa 6, dirisha lote ni saa 2 na dakika 24. Ndani yake kuna mizunguko isiyozidi miwili. Kwa chombo chenye mwinamo mkubwa, kila mzunguko huvuka ikweta kilomita 2,500 hivi magharibi ya ule uliotangulia, hivyo nchi nyingi hufutwa mara moja kwenye orodha, na zinazobaki hujua dakika zake. Hispania ilifanya hivyo tarehe 4 Novemba 2022. Kiini cha roketi ya China aina ya Long March 5B, chenye tani 20 hivi, kilikuwa kinarejea. Wakafunga sehemu ya anga yao kwa kama dakika 40, safari za ndege zipatazo 300 zikachelewa. Kiliangukia Pasifiki. Wapo waliosema Hispania ilihangaika bure. Mwongoza ndege aliyejua njia na dakika alikuwa na cha kuamua, na huo ndio uwezo tunaoukosa.

Anga yetu inaongozwa kutoka Nairobi, Dar es Salaam, Entebbe na vituo vingine, na chombo cha njia ya ikweta huvuka maeneo kadhaa kati ya hayo ndani ya dakika chache. Tunauliza: nani anampigia nani? Hatujaona utaratibu uliotangazwa.

3. Watu wanaambiwa "huungua angani". Nusu ya kweli.

Chombo huanza kuhisi hewa kwenye kilomita 120 na huvunjika kwenye kilomita 80 hivi. Paneli za jua hung'oka mapema, kisha mwili wa alumini hufunguka, kwa sababu alumini huyeyuka kwenye nyuzi joto 660 tu. Vilivyokuwa ndani ndivyo huendelea na safari: matangi ya mafuta ya titaniamu, inayoyeyuka kwenye nyuzi 1,668; magurudumu mazito ya kugeuzia setilaiti; vifaa vya chuma kisichoshika kutu; vioo vya darubini; pete za kuunganishia. Kwa kawaida kati ya asilimia 10 na 40 ya uzito hufika chini. Setilaiti UARS ya Marekani, iliyorejea tarehe 24 Septemba 2011, ilikadiriwa kuleta vipande 26 vyenye jumla ya kilo 532. Mwezi mmoja baadaye ROSAT ya Ujerumani, yenye tani 2.4 tu, ilikadiriwa kuleta hadi tani 1.7, kwa sababu ilikuwa darubini yenye vioo vizito vinavyostahimili joto. Uzito wa chombo peke yake hauelezi hatari yake. Inabidi kujua kimetengenezwa kwa nini, na orodha hiyo anayo mwenye chombo.

Kipande kikifika chini kinakuwa kimepoteza ile kasi ya angani. Kikubwa hutua kwa kilomita 300 hadi 450 kwa saa. Huhitaji hesabu zaidi ya hapo kujua paa la mabati litafanywa nini.

4. Uamuzi wa kuangusha ovyo hufanyika mezani, kabla ya kurusha.

Hili ndilo tunalotaka mlisome mara mbili, kwa sababu mnaambiwa kwamba kuanguka bila kuongozwa ni ajali. Mara nyingi si ajali. Chukueni setilaiti ya kilo 2,000 iliyo kwenye kilomita 600. Kuiangusha kwa makusudi kusini mwa Pasifiki, mbali na watu na njia kuu za meli, kunahitaji kushusha ncha ya chini ya njia yake hadi kilomita 50 hivi. Kasi inayotakiwa kupunguzwa ni mita 157 kwa sekunde. Kwa injini za haidrazini, mafuta ya kawaida ya setilaiti, hiyo ni asilimia 7 ya uzito: kilo 140 za mafuta.

Mafuta peke yake hayatoshi. Injini ndogo nne zenye msukumo wa nyutoni 1 (kipimo cha nguvu) kila moja zingehitaji kuwaka saa 22 kukamilisha kazi hiyo, na kwa muda huo chombo kinazunguka dunia mara 14, hulengi kitu. Injini moja ya nyutoni 400 huimaliza kwa dakika 13. Kwa hiyo anayeunda setilaiti huamua mwanzoni: atabeba kilo 140 na injini kubwa, au atatumia uzito huo kwa miaka ya ziada ya kazi na mapato. Anayechagua njia ya pili anabaki na faida yote. Hatari anaigawa kwa walio chini, bila kuwauliza.

Setilaiti ERS-2 ya Ulaya inaonyesha pande zote mbili. Iliundwa bila uwezo wa kuongozwa wakati wa kurejea. Mwaka 2011 wenyewe waliishusha kwa mara 66 za kuwasha injini, kutoka kilomita 785 hadi 573, wakamaliza mafuta yote ili tangi lisije kulipuka. Kazi nzuri. Baada ya hapo ilishuka yenyewe kwa miaka 12 na ushei, ikaangukia kaskazini mwa Pasifiki tarehe 21 Februari 2024. Setilaiti Aeolus, nayo ya Ulaya, haikuundwa kwa ajili ya kuongozwa, lakini waendeshaji waliikazania, wakaishusha hatua kwa hatua hadi ikaungulia juu ya Antaktika tarehe 28 Julai 2023. Penye nia pana njia, hata kwa chombo kizee.

Roketi nazo zina historia yake. Injini ya sehemu ya juu ya Ariane 5 iliyotumika kwa safari za mawasiliano haikuweza kuwashwa tena ikishazimwa. Vipande vilibaki vinapozunguka. Ariane 6 inaweza, lakini katika safari yake ya kwanza, tarehe 9 Julai 2024, kifaa cha kusaidia injini kilizimika na sehemu ya juu ikabaki angani. Sehemu ya juu ya roketi ya Falcon 9 ya Marekani kwa kawaida huongozwa hadi baharini. Mnamo Februari 2025 moja ilivuja oksijeni, haikuwasha injini ya kurejea, na matangi yakaangukia Poland. Hata mwenye nia njema hukosea. Ndiyo maana tunataka kanuni, na kinga ya pili nyuma ya kanuni.

5. Haki ya fidia ina saa, na saa hiyo tunaiacha ikimbie.

Mkataba wa Dhima wa mwaka 1972 uko wazi: chombo cha anga kikileta madhara ardhini au kwa ndege iliyo angani, nchi iliyokirusha inawajibika kikamilifu. Mlalamikaji hahitaji kuthibitisha uzembe. Lakini mwananchi hawezi kudai mwenyewe kwa mkataba huo. Serikali yake ndiyo hudai, kwa njia ya kidiplomasia. Na dai lazima liwasilishwe ndani ya mwaka mmoja tangu siku ya madhara, au tangu ijulikane nchi iliyorusha.

Sasa angalieni linapokwamia. Bila kuitambua nchi, hakuna wa kudaiwa. Bila vielelezo vizuri, hakuna utambuzi. Kuhusu pete ya Mukuku, wachambuzi wa nje walitofautiana juu ya roketi iliyoitoa, na wengine walihoji hata kama ilitoka angani. Mjadala wa aina hiyo humalizwa na namba za vipuri, sampuli za chuma, na dakika kamili ya kuanguka. Kosa la dakika moja ni kilomita 470 za njia ya chombo. "Majira ya alasiri" haisaidii kitu.

Neno "madhara" nalo lina mipaka. Mkataba unataja kifo, majeraha, afya na mali. Gharama za kutafuta na kusafisha huzua ubishi. Kosmos 954 ya Umoja wa Kisovieti, iliyobeba kinu cha nyuklia, ilipoangukia kaskazini mwa Kanada tarehe 24 Januari 1978, Kanada ilisaka eneo la kilomita za mraba 124,000 na kudai dola za Kanada 6,041,174.70. Mwaka 1981 ililipwa milioni 3. Kanada ilikuwa na helikopta, maabara, wanasheria, na mshtakiwa anayejulikana kwa jina. Pimeni wenyewe sisi tungepata nini kwa faili lenye picha mbili za simu.

(Shamba lililokanyagwa na umati uliokuja kutazama chuma, je, ni madhara ya chombo? Mwanasheria wa upande wa pili atasema hapana. Ni vizuri kuwa na jibu mapema.)

6. Kijijini hakuna aliyefundishwa la kufanya.

Hapa ndipo mtu atakapoumia, na huenda asiumizwe na kishindo. Haidrazini ni sumu, na pua haiwezi kuwa kipimo: ukishaisikia ile harufu kali inayofanana na amonia, umeshapita kiwango salama. Tangi lililoviringishiwa nyuzi za kaboni linaweza kuwa bado na shinikizo, na nyuzi zikikatika huingia kwenye ngozi na mapafu. Baadhi ya vipuri vina beriliamu, ambayo vumbi lake huharibu mapafu. Kikiwa kizima kinatulia, kikipigwa msumeno au tupa kinakuwa hatari. Titaniamu ina bei. Mnunuzi wa vyuma chakavu atafika kwa bodaboda kabla ya gari la serikali, na msumeno anao.

Hatua tunazopendekeza zinaingia kwenye ukurasa mmoja, nazo chifu, mwenyekiti wa mtaa au mtendaji wa kijiji anaweza kuzisimamia:

Kwanza aandike saa na dakika, amuulize kila aliyesikia mshindo aliusikia upande gani na mara ngapi. Watu wakae mita 100 au zaidi, upande upepo unakotoka. Mtu yeyote asikiguse kitu hicho wala kukimwagia maji, mifugo iondolewe. Asiyeweza kujizuia kupiga picha apige kutoka mbali. Mwenye kipima mionzi ndiye aingie wa kwanza, kisha wa kupima gesi, wakiwa na barakoa za kuchuja kemikali na glavu. Barakoa za kitambaa hazina kazi hapo. Baada ya hapo ndipo zipigwe picha zenye rula kando ya kitu, kila upande, hasa penye namba, riveti, alama za kuungua na nyuzi. Zipimwe nafasi kwa kifaa cha GPS, kina cha shimo na mwelekeo ambao kitu kililalia. Udongo wa chini yake uchukuliwe kwenye chombo safi chenye lebo. Kila anayekipokea kitu atie sahihi na saa. Kisioshwe hata kidogo: masizi na madoa ya chuma kilichoyeyuka ni ushahidi kwamba kilipita angani.

Waheshimiwa, tunajua majibu tutakayopewa, maana mengine tumeshayasikia.

Mtasema uwezekano wa mtu mmoja kupigwa ni mmoja kwa matrilioni. Ni kweli, kwa mtu mmoja aliyetajwa, kwa tukio moja. Lakini wenye vyombo wenyewe hawapimi hivyo. Kiwango wanachokubaliana ni 1 kwa 10,000 kwamba mtu yeyote ataumia katika urejeaji mmoja. UARS ilikuwa 1 kwa 3,200, ROSAT 1 kwa 2,000. Zote zilizidi kiwango na zote zikarudi. Jumlisheni vyombo 100 vinavyotii kiwango kikamilifu, mnapata 1 kwa 100. Watafiti wa Chuo Kikuu cha British Columbia walichapisha mwaka 2022 hesabu kwamba, kwa mtindo uliopo, kuna uwezekano wa kama asilimia 10 wa mtu mmoja au zaidi kuumia au kufa kutokana na sehemu za roketi katika miaka 10, na kwamba latitudo za Jakarta, Dhaka na Lagos zina mzigo takriban mara 3 ya zile za New York, Beijing na Moscow.

Mtasema sehemu kubwa ya dunia ni bahari. Mahounou, Ivory Coast, si bahari. Bomba la mita 12 hivi liliangukia huko Mei 2020, siku ambayo kiini cha Long March 5B kilirejea.

Mtasema kanuni kali zitaziumiza setilaiti zetu. Taifa-1 ya Kenya, iliyorushwa tarehe 15 Aprili 2023, PearlAfricaSat-1 ya Uganda na RWASAT-1 ya Rwanda ni vyombo vya kilo chache, huungua vyote. Kanuni tunayoitaka ni ya vyombo vizito.

Na mtasema sisi ni nchi ndogo mbele ya wakubwa. Kamati ya Vienna huamua kwa maafikiano, maana yake sauti moja inayopinga husikika. Mwongozo wa mwaka 2019 wa uendelevu wa anga za juu tayari una kipengele kinachozitaka nchi kushughulikia hatari za kurejea bila kuongozwa. Kimeandikwa kwa upole mno, lakini kipo, na mtu anaweza kukishika mkononi akasimama nacho.

Liko pia jambo msilopenda kukumbushwa. Mkataba huo wa Dhima unaihesabu kuwa mrushaji hata nchi ambayo ardhi au kituo chake kilitumika kurushia. Kutoka San Marco, Malindi, roketi za Scout zilirusha setilaiti kati ya 1967 na 1988, na Kenya inazungumzia kuwa tena na kituo cha kurushia pwani. Siku hiyo ikifika, dai linaweza kuja kwa njia ya kurudi. Afadhali kanuni iandikwe sasa, tukiwa bado walalamikaji.

Tunaomba yafuatayo:

(a) Wajumbe wetu Vienna wawasilishe kwa pamoja pendekezo kwamba hatari ya kila chombo kizito itangazwe kwa ukanda wa latitudo, badala ya namba moja ya dunia nzima, na kwamba mwinamo wa chini ya nyuzi 10 usiruhusiwe kwa chombo cha zaidi ya kilo 500 kisichoweza kuongozwa wakati wa kurejea.

(b) Mwenye chombo aitume orodha ya vipuri vinavyotarajiwa kufika chini, pamoja na kemikali zake, siku 30 kabla ya tarehe inayokadiriwa, kisha atoe taarifa mpya siku 7, saa 24 na saa 6 kabla.

(c) Mamlaka za usafiri wa anga za nchi zetu ziwe na dawati moja la zamu, namba moja ya simu, na rasimu ya notisi kwa marubani iliyoandaliwa tayari, yenye nafasi ya kujaza njia na dakika tu. Zoezi lifanyike mara moja kwa mwaka, kwa kutumia urejeaji halisi wowote uliopo.

(d) Ule ukurasa mmoja wa hatua za kijijini uchapishwe kwa Kiswahili na lugha za wenyeji, upelekwe kwa machifu, watendaji na vituo vya polisi, na tangazo lake liwafikie wanunuzi wa vyuma chakavu.

(e) Kila tukio lifunguliwe faili la madai ndani ya siku 14, hata pasipo na aliyeumia, na hatua zilizofikiwa katika utambuzi zitangazwe kila baada ya miezi 3. Kwa Mukuku, tunaomba ripoti kamili ya maabara: aina ya chuma, namba zilizokutwa, na vipimo vya mionzi na kemikali.

Kamati ndogo ya sayansi na ufundi hukutana Vienna kila Februari. Pendekezo la (a) halihitaji bajeti. Linahitaji mjumbe aliyepewa maelekezo kwa maandishi kabla ya kupanda ndege. Tunaomba kuyaona maelekezo hayo, au sababu za kuyakataa, kabla ya mwisho wa Januari. Hesabu zote tulizotumia humu tuko tayari kuzifanya upya mbele ya wataalamu wenu, siku na mahali mtakapopanga.

Wenu katika ujenzi wa taifa,

Wahandisi na wafuatiliaji wa vyombo vya anga, Afrika Mashariki